Rammstein walirejea na lugha yao

Kuna imani moja iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wetu, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wao, kwamba msanii anayetaka kusikika nje ya mipaka ya nchi yake hana budi kuimba kwa Kiingereza. Imani hiyo haijadiliwi. Hukubaliwa tu, kama vile mtu akubalivyo kwamba mvua hunyesha kutoka juu. Leo nataka kuipima kwa mfano ambao yamkini utamshangaza msomaji, kwa kuwa hautoki katika taarabu wala katika benga, bali katika muziki wa makelele makubwa na moto mkubwa zaidi. Nazungumzia bendi ya Kijerumani iitwayo Rammstein, na hasa albamu waliyoitoa tarehe 17 Mei 2019, baada ya karibu miaka kumi bila albamu mpya.

Kwa wasioufahamu muziki huu, metali ya viwandani ni roki nzito iliyofungwa nira moja na mitambo. Gitaa hupigwa kwa mikato mifupi inayojirudia kama nyundo ya karakana, ngoma hazitetereki, na kinanda cha elektroniki hupenyeza sauti zinazofanana na za kiwandani. Rammstein walipotoa albamu yao ya kwanza, Herzeleid, mwaka 1995, magazeti ya Ujerumani yaliutafutia mtindo huo jina la pekee ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni Ugumu Mpya wa Kijerumani. Sisemi kuwa ni muziki wa kila sikio. Mimi mwenyewe siuvumilii zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Lakini mwanaisimu hana ruhusa ya kusikiliza yale tu yanayompendeza.

Wanamuziki hao ni sita, na wote walikulia katika ile iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Waliunda bendi jijini Berlin mwaka 1994, miaka mitano baada ya ukuta kuanguka. Mwimbaji wao, Till Lindemann, aliyezaliwa mwaka 1963, ni mwana wa Werner Lindemann, mshairi na mwandishi wa vitabu vya watoto. Yeye mwenyewe amechapisha diwani za mashairi, ikiwemo Messer ya mwaka 2002. Jina la bendi linatokana na mji wa Ramstein, penye kambi ya ndege za kijeshi za Marekani, ambako tarehe 28 Agosti 1988 ndege za maonyesho ziligongana angani na watu 70 wakapoteza maisha. Wao waliongeza herufi m moja, na kwa herufi hiyo jina la mahali likageuka kuwa jiwe la kugongea: kitenzi rammen ni kugonga kwa kishindo, na Stein ni jiwe. Msomaji ataona kwamba tangu siku ya kwanza watu hawa walikuwa wakichezea maumbo ya maneno.

Mchezo wao mashuhuri zaidi ulikuja mwaka 1997 katika wimbo Du hast, ulio katika albamu Sehnsucht. Kwa Kijerumani maneno hast, yaani una, na hasst, yaani unachukia, hutamkwa sawasawa kabisa. Anayesikiliza bila karatasi mkononi hana namna ya kujua ni lipi limekusudiwa, na wimbo wenyewe unazunguka kiapo cha ndoa. Ili mwanafunzi wa Kiswahili aonje utamu na uchungu wa jambo hilo, naomba afikirie bibi harusi anayeanza kusema umenioa na sauti ikateleza ikasikika umeniua. Tofauti kwetu ni irabu moja. Kwa Wajerumani hakuna tofauti hata hiyo. Walirekodi pia toleo la Kiingereza. Huko maneno mawili yaliyokuwa pacha kwa sauti yaliachana, na mchezo mzima ukafa. Toleo lililopendwa hadi Marekani, ambako Sehnsucht ilifikia kiwango cha platinamu, ni lile la Kijerumani, likiimbwa na umati ambao sehemu kubwa haikujua maana ya neno lolote.

Nimeyataja haya ya zamani kwa sababu ndiyo ufunguo wa ule ukimya wa miaka kumi. Albamu ya sita, Liebe ist für alle da, ilitoka mwezi Oktoba 2009 na haukupita mwezi mzima kabla ya idara ya serikali ya kulinda vijana kuiwekea vikwazo vya kuuzwa kwa watoto, kwa ajili ya wimbo mmoja na picha moja. Mahakama ya mji wa Cologne ilisimamisha vikwazo hivyo Mei 2010. Baada ya hapo ilitolewa albamu ya nyimbo teule mwaka 2011, zikafuata ziara ndefu za jukwaani, lakini kalamu ya pamoja ikanyamaza. Wenyewe hawakunyamaza. Kila mmoja alishika njia yake, na ni njia hizo zinazonivutia.

Richard Kruspe, mpiga gitaa, alikuwa na mradi wake uitwao Emigrate, jina lenyewe likiwa na maana ya kuhama. Alitoa albamu mwaka 2007, nyingine 2014, na nyingine 2018, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Lindemann naye aliungana na Peter Tägtgren, Mswidi anayeendesha mradi wa metali ya viwandani uitwao Pain, na mwaka 2015 wakatoa albamu Skills in Pills, ambayo nayo ni ya Kiingereza. Kwa maneno mengine, katika miaka ya likizo yao wanamuziki hawa walifanya jambo lilelile ambalo vijana wetu huamini kuwa ndilo njia ya kufika mbali. Je, walifika? Kazi hizo zilipata wasikilizaji, na baadhi zina nyimbo nzuri. Hata hivyo, ukimlinganisha Lindemann wa Kiingereza na Lindemann wa Kijerumani utadhani ni watu wawili. Kwa Kiingereza anasema jambo moja kwa wakati mmoja, na mara nyingi jambo hilo ni la kushtua tu. Kwa Kijerumani anasema mambo mawili au matatu kwa silabi moja. Si kwamba Kiingereza ni lugha maskini. Kiingereza kina washairi wake. Ila mshairi hawezi kufunua sakafu ya nyumba aliyopangisha.

Ndipo ikaja albamu ya mwaka 2019. Haina jina. Juu ya jalada jeupe kuna njiti moja ya kiberiti ambayo haijawashwa. Nyimbo zake ni 11. Jacob Hellner, aliyekuwa mtayarishaji wa albamu zote sita za awali, hakuwapo safari hii. Nafasi yake ilichukuliwa na Olsen Involtini, na sehemu ya kazi ilifanyiwa katika studio ya La Fabrique, kusini mwa Ufaransa. Ilishika nafasi ya kwanza Ujerumani, ya 3 Uingereza na ya 9 Marekani, ambako kabla ya hapo hawakuwahi kuingia katika kumi bora. Yaani bendi iliyokuwa imekaa muongo mmoja bila albamu ilirudi na Kijerumani kitupu, ikapanda juu zaidi kuliko ilivyopanda ilipokuwa changa.

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo darasa lilipo. Wimbo wa kwanza unaitwa Deutschland, yaani Ujerumani. Ni wimbo wa mtu anayeitazama nchi yake, anayetaka kuipenda na hawezi kuitoa hiyo mapenzi yake mkononi. Jambo hilo lingeweza kusemwa kwa hotuba ndefu. Lindemann amelikabidhi kwa kiambishi. Katika sehemu moja ya wimbo anapanga mfululizo wa maneno yanayoanza na über, kiambishi awali chenye maana ya juu, kupita au kuvuka. Ukikiweka mbele ya kitenzi leben, ishi, unapata nusurika. Ukikiweka mbele ya setzen, weka, unapata kitenzi ambacho, kwa kutegemea mkazo uko wapi, ni kuvusha watu mtoni au kutafsiri. Ni kiambishi cha kawaida kabisa, kilichomo katika mamia ya maneno ya kila siku. Lakini kwa Mjerumani neno hilo dogo lina kovu. Shairi lililotungwa na Hoffmann von Fallersleben mwaka 1841, ambalo baadaye likawa wimbo wa taifa, linalitumia katika ubeti wake wa kwanza kuinua Ujerumani juu ya vyote, na baada ya yale yaliyofanywa na utawala wa Wanazi, ubeti huo hauimbwi tena katika hafla za serikali. Wimbo wa taifa wa leo ni ubeti wa tatu peke yake. Hivyo kila über inayotamkwa katika wimbo wa Rammstein inagonga mlango wa chumba ambacho taifa zima limekubaliana kukifunga. Hakuna tafsiri inayoweza kulibeba hilo. Kiingereza kingelibeba nini?

Wimbo wa tatu, Zeig dich, unaokejeli unafiki wa viongozi wa dini na unaofunguliwa na kwaya ya Kilatini, unafanya vivyo hivyo kwa kiambishi ver-. Karibu kila kitenzi chake kinaanza nacho. Walimu wa Kiswahili watanielewa upesi nikisema kwamba ver-, katika baadhi ya matumizi yake, hufanya kazi inayokaribiana na ile ya kauli yetu ya kutendua. Sisi tuna funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Wao wana kaufen, nunua, na verkaufen, uza. Lernen, jifunza, na verlernen, poteza ulichokwisha kujifunza. Mjerumani huanza na kiambishi hicho mbele ya mzizi, Mswahili huumalizia mzizi kwa nyuma. Aidha, ver- huweza kuashiria jambo kwenda upogo: sprechen ni kusema, ilhali versprechen ni kuahidi, na ukiongeza kirejeshi inakuwa kuteleza ulimi. Ahadi na kuteleza ulimi katika neno moja, na wimbo unahusu wahubiri! Mtu aliyeketi miaka mingi akifundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa jedwali na chaki, akiona wanafunzi wanasinzia, hawezi kusikia wimbo kama huu bila wivu kidogo.

Vidio ya Deutschland, iliyotolewa Machi 2019 na kuongozwa na Specter Berlin, ilizua zogo hata kabla haijaonyeshwa yote. Kwanza kilitolewa kipande kifupi kilichowaonyesha wanamuziki wamevaa sare za wafungwa wa kambi za mateso, kamba zikiwa shingoni. Viongozi wa jamii ya Wayahudi na maafisa wa serikali walilaani, na mimi naona walikuwa na haki ya kulaani kipande kile, kwa kuwa mateso ya mamilioni hayapaswi kutumiwa kama kengele ya kuuzia bidhaa. Vidio yenyewe, ya zaidi ya dakika tisa, ni jambo jingine. Inapita kutoka misitu ya zama za Warumi hadi Wanazi, hadi Ujerumani ya Mashariki, hadi magaidi wa miaka ya 1970, na katika kambi ile wafungwa wanawageuzia bunduki watesi wao. Katika zama zote hizo anatembea Germania, mama wa taifa, na anaigizwa na Ruby Commey, Mjerumani mweusi. Nadhani uchaguzi huo mmoja ulisema mengi kuliko maandamano kumi.

Tena kuna jambo la matamshi. Lindemann anaviringisha r kwa ncha ya ulimi, ilhali Wajerumani wengi siku hizi huitamka r kwa nyuma, karibu na kimio. Wakosoaji wengi walisikia humo mwangwi wa hotuba za miaka ya 1930. Hoja hiyo ina uzito, ila haijakamilika. R ya ncha ya ulimi ndiyo iliyowekwa kuwa kanuni ya jukwaa la tamthilia na Theodor Siebs katika kitabu chake cha matamshi cha mwaka 1898, miaka mingi kabla ya Wanazi. Waigizaji na waimbaji wa opera waliitumia kwa kuwa inasikika hadi kiti cha mwisho. Mswahili, ambaye r yake ni hiyohiyo, anaweza kuuimba wimbo wa Rammstein kwa lafudhi iliyo karibu na ya Lindemann kuliko kijana wa Berlin aketiye mbele ya jukwaa.

Na Afrika Mashariki ina deni lake katika mazungumzo haya. Wimbo wa nne wa albamu unaitwa Ausländer, mgeni kutoka nchi nyingine. Msimulizi wake ni msafiri anayejigamba kwa vijineno vya Kifaransa, Kiitaliano, Kirusi na vinginevyo ili apate wanawake kila atuapo. Vidio yake inawaonyesha wanamuziki wakifika kwa mashua katika kijiji cha Kiafrika, na ni kejeli ya ukoloni na ya watalii wanaofuata ngono. Sisi hatuhitaji maelezo marefu. Wajerumani walifika katika mwambao wa Tanganyika miaka ya 1880, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala wao, wakakandamiza vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kwa ukatili na njaa, na wakatuachia maneno kama shule, kutokana na Schule, na hela, kutokana na sarafu yao ya Heller. Nilipoiona vidio ile nilijiuliza kama kejeli inatosha. Inacheka sana, na pengine inacheka upesi mno; mwanakijiji hana neno lolote la kusema humo. Germania alipewa uso mweusi na upanga, mwanakijiji wa Ausländer kapewa tabasamu. Katika albamu moja, bendi ileile imefikiri kwa kina kuhusu historia iliyo nyumbani kwake na kijuujuu kuhusu historia iliyo kwetu.

Wimbo unaonigusa kuliko yote ni wa pili, Radio. Unakumbuka utoto katika Ujerumani ya Mashariki, ambako kusikiliza stesheni za Magharibi kulikuwa jambo la kutilia shaka na wanamuziki walihitaji kibali cha dola ili kupanda jukwaani. Mtoto anatega sikio usiku, anavuka mpaka kwa mawimbi. Walimu wenye umri wangu wanaokumbuka jinsi idhaa za Kiswahili za ng'ambo zilivyosikilizwa humu nchini miaka ambayo redio ya taifa ilikuwa peke yake, hawatahitaji mkalimani. Ni wimbo usio na matusi wala damu, na ndio ninaouchagua ninapotaka kuwapa wanafunzi mfano. Maana lazima niwaonye walimu wenzangu: nyimbo kadhaa za bendi hii hazifai darasa la watoto hata kidogo, ukiwemo mmoja katika albamu hii, Puppe, ambao ni wa kutisha. Isitoshe, mwaka 2023 wanawake kadhaa walimtuhumu Lindemann kuhusu mambo yaliyotendeka kandokando ya maonyesho. Alikanusha, na waendesha mashtaka wa Berlin walifunga uchunguzi wao Agosti mwaka huo kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kusifu ufundi wa mtu katika lugha si kumtia mtu huyo utakatifu.

Baada ya Mei 2019 walianza ziara ya viwanja vikubwa, korona ikaikatiza, ikaendelea hadi 2024. Korona hiyohiyo ndiyo iliyowapa nafasi ya kuandika albamu iliyofuata, Zeit, iliyotoka Aprili 2022. Hawakungoja miaka kumi tena. Na Lindemann alipotoa albamu nyingine na Tägtgren mwishoni mwa 2019, safari hii aliimba kwa Kijerumani.

Katika semina yangu ya mofolojia niliwahi kuwapa wanafunzi zoezi: watafute katika Kiswahili kiambishi kinachoweza kufanya kazi ya über katika wimbo ule. Kundi moja lilijaribu kauli ya kutendua, wakashindwa upesi. Jingine lilijaribu kutumia neno juu, wakaona linabaki nje ya kitenzi, halina mshindo. Kundi la tatu likaja na kauli ya kutendea iliyorudufishwa: pigilia, shindilia, tupilia, ingilia. Waliyasoma maneno hayo kwa kugonga meza, na nakiri kwamba -ilia ile iliyojirudia ilikuwa na nguvu ya nyundo niliyokuwa nikiitafuta. Walishangiliwa. Ndipo msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hazungumzi, akauliza -ilia hiyo imewahi kumwua nani. Über, alisema, inauma kwa sababu kuna watu walioandamana nayo. Je, Kiswahili kina silabi gani ambayo watu wake hawataki tena kuiimba? Walianza kubishana wote kwa pamoja, wengine wakitaja maneno ya kampeni, wengine majina ya vyama, na mimi nikakaa kitini nikawaacha.